Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Disquiet, Albamu Mpya ya The Necks, kwa Wasikilizaji wa Tabora

Tangu albamu ya Disquiet ya kundi la The Necks ianze kupigwa katika baraza letu la usikilizaji hapa Isevya, mjini Tabora, maswali yamekuwa yaleyale, mengine ya udadisi na mengine ya kero ya wazi. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya anayetaka kuelewa na pia kwa ajili ya anayeona kuwa tungeweka kitu kingine.

The Necks ni akina nani?

Ni wanamuziki watatu wa Australia walioanzisha kundi lao mjini Sydney mwaka 1987. Chris Abrahams anapiga piano na, katika rekodi, ogani pia. Lloyd Swanton anapiga besi, hasa ile kubwa ya mbao ambayo mpigaji huisimamisha mbele yake. Tony Buck anapiga dramu na mara nyingine gitaa la umeme. Watatu hao ndio walioanza na ndio waliopo hadi leo. Kwetu sisi tuliokua tukisikia habari za wapiga gitaa wanaochukuliwa na bendi nyingine katikati ya msimu, kundi lililokaa zaidi ya miaka 35 bila kupoteza mtu wala kuongeza mtu linashangaza kidogo, na itaonekana hapa chini kwamba muziki wenyewe usingewezekana kwa namna nyingine.

Disquiet ina nini ndani yake?

Ilitoka Oktoba 2025. Ina vipande vinne tu, lakini vimejaza CD tatu na vinachukua zaidi ya saa tatu: kifupi kuliko vyote hakifiki nusu saa, na kirefu kuliko vyote kinapita saa nzima. Urefu huo si kituko kwa watu hawa. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1989, ilikuwa kipande kimoja cha dakika 56. Bleed ya mwaka 2024 ni kipande kimoja cha dakika 42, na Travel ya mwaka 2023 ina vipande vinne vya takriban dakika 20 kila kimoja.

Je, hii ni jazi kama ile ya Tabora Jazz na Nyanyembe?

Hapana, ingawa undugu upo, na haupo mahali ambapo wengi wanautafuta. Bendi zilizoutangaza mji huu katika miaka ya 1960 na 1970, yaani Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, zilikuwa bendi za dansi. Zilikuwa na magitaa yanayojibizana, waimbaji, mashairi ya kukumbukwa, na ukumbi uliojaa watu waliolipa kiingilio ili wacheze. The Necks hawaimbi, na watazamaji wao hukaa vitini kimya. Wao wametokana na jazi ya Marekani ya piano, besi na dramu, ambayo kufikia wakati wao ilikuwa imeshaacha kumbi za kuchezea miaka mingi.

Undugu unapatikana kwenye gitaa la ridhimu. Anayelijua dansi anajua kwamba beti zikishaisha na chemko, yaani sehemu ya kuchezea, likaingia, mpiga ridhimu hushika kifungu kifupi cha sauti chache, hukirudia bila kuchoka, na raha ya ukumbi mzima hutegemea yeye kutokiachia. Solo linaweza kuruka litakavyo. Ridhimu ikiyumba, wachezaji husimama. Mzee mmoja aliyepata kupiga besi katika bendi za hapa alisikiliza kipande cha kwanza cha Travel akiwa amefumba macho, kidole chake cha shahada kikigonga mkono wa kiti, kisha akatueleza kwamba hawa watu wamechukua chemko na kuuacha wimbo nyumbani. Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mhakiki yeyote. Sikio la mtu aliyekulia na dansi limeshafika nusu ya njia, ila tu asikae akingojea mwimbaji arudi.

Ni kweli kwamba hawapangi chochote kabla ya kupiga?

Jukwaani, ni kweli. Wanapanda, wanatulia kidogo, kisha mmoja wao anaanza na kitu kidogo sana: sauti mbili za piano, mkwaruzo kwenye toazi, mshindo mmoja wa besi unaoachwa ufifie. Nani ataanza hakujadiliwi. Wawili wengine huingia wanapoona wana la kuongeza, na hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa. Kipande hudumu dakika 40 au zaidi, pengine saa nzima, kisha wanapumzika na kupiga kingine ambacho hakihusiani na cha kwanza. Hakuna nota zilizoandikwa wala ufunguo uliokubaliwa, na kilichopigwa usiku huo hakirudiwi mji unaofuata.

Watu wetu huuliza mara moja: sasa wanajuaje wakati wa kubadilisha, au wa kumaliza? Wanasikilizana, lakini jibu hilo ni jepesi mno likiachwa hivyo. Mpiga besi akihamisha sauti yake ya chini hatua moja, maana ya kila kitu kinachopigwa juu yake hubadilika, hata kama mpiga piano hajagusa jambo jipya. Mpiga piano sasa ana uamuzi wa kufanya. Anaweza kumfuata, anaweza kubaki alipo na kuacha mgongano usikike, au anaweza kunyamaza. Mpiga dramu naye anawasikia wote wawili, na akizidisha nguvu wakati huo atakuwa amelitia muhuri badiliko hilo, ilhali akipunguza huenda likafa kabla msikilizaji hajalitambua. Maamuzi ya namna hiyo yanafanyika mfululizo, na mengi kati yake ni uamuzi wa kutobadilisha kitu kwa sasa. Watu ambao hawajuani vizuri hushindwa hapo, kwa sababu kila mmoja huona aibu kukaa mahali pamoja na hukimbilia kuonyesha anachokijua. Miaka ya kuwa pamoja inaondoa aibu hiyo.

Studio ni habari nyingine, na ni vyema msikilizaji asidanganyike. Mtu akisikia piano na ogani vinapigwa pamoja, au dramu na gitaa, na anajua kwamba wapigaji ni watatu tu, atatambua kuwa baadhi ya sauti zimewekwa baadaye juu ya nyingine. The Necks hawalifichi jambo hilo. Kwa kawaida rekodi zao hujengwa kwa tabaka, na ubunifu wa papo kwa papo unakuwa ndani ya kila tabaka. Travel ilitengenezwa tofauti kidogo. Ilitokana na mazoea yao ya kuifungua kila siku ya studio kwa kupiga wote watatu pamoja kwa takriban dakika 20, na ndiyo sababu inakaribia zaidi wanavyosikika jukwaani.

Mbona kifungu kimoja kinarudiwa muda wote? Si kompyuta hiyo?

Si kompyuta. Katika singeli na katika sehemu kubwa ya bongo fleva, mtayarishaji hutengeneza mapigo machache na kuyanakili, hivyo mapigo ya dakika ya tatu yanafanana kabisa na ya dakika ya kwanza. Sina ubaya na njia hiyo. Ndiyo inayoipa singeli makali yake. Hapa kila marudio yanapigwa kwa mkono. Abrahams anaweza kutikisa sauti mbili au tatu kwa vidole vya mkono wa kulia kwa muda mrefu mno, na kwa kuwa vidole ni vidole, mkazo huhama wenyewe: sauti iliyokuwa ya pembeni inaanza kusikika mbele, iliyokuwa mbele inarudi nyuma, na ghafla mtu anasikia kama lahani mpya ilhali hakuna sauti iliyoongezwa.

Anayepanda treni ya Tabora kwenda Kigoma na kutazama dirishani hawezi kuonyesha mahali ambapo miombo ya Urambo imekoma, lakini akifika Uvinza anajua nchi ni nyingine. Vipande hivi vinakwenda kwa mwendo huo. Anayetaka uthibitisho asikilize dakika moja ya mwanzo, kisha aruke hadi mwisho wa kipande hichohicho: atadhani ni kundi jingine.

Nisikilize nini hasa?

Msikilize mtu mmoja. Hili ndilo shauri ambalo limewasaidia wengi hapa, kuliko kuambiwa watulize akili au wajiachie, mashauri ambayo hayamsaidii mtu aliyetoka kazini na njaa.

Ni vizuri kuanza na besi, kwa sababu inabadilika kwa nadra na kila badiliko lake lina matokeo. Ukishaizoea, hamia kwenye dramu, na hapo ondoa matumaini ya kupata mdundo wa kuchezea. Mara nyingi Buck hutumia dramu kutengeneza msuguo badala ya mdundo: anakwaruza chuma, anatikisa kayamba ndogo, anapitisha vijiti juu ya toazi kwa mapigo mepesi ya haraka. Mwanzoni mapigo hayo yanasikika moja moja. Yanapozidi kuwa karibu, sikio linaacha kuyahesabu na kuanza kusikia mvumo mmoja mrefu wenye rangi, na ndani ya mvumo huo kuna sauti ya juu inayopanda na kushuka kulingana na mahali ambapo kijiti kinagusa, iwe ukingoni mwa toazi au karibu na katikati. Rudisha sehemu hiyo mara mbili au tatu kwa sauti ya kutosha.

Piano iachwe mwisho, maana inadanganya. Mpigaji akikanyaga pedali ya kulia, vizuizi vyote huinuka kutoka kwenye nyaya, kwa hiyo sauti haziishi anapoachia vidole, na hata nyaya ambazo hajazigusa huanza kutetemeka kwa kuitikia zile zilizogongwa. Kifungu kikirudiwa muda mrefu katika hali hiyo, chumba kinajaa sauti ambazo hakuna mtu anayezipiga. Ndiyo maana mama mmoja jirani aliuliza iwapo kuna kwaya inayoimba kwa mbali. Hakukuwa na kwaya, lakini hakuwa amesikia vibaya.

Muziki wa namna hii wa watu watatu ulitokea wapi?

Piano, besi na dramu vimekuwa pamoja katika jazi tangu zamani, lakini kwa muda mrefu piano ndiyo iliyokuwa bwana na wengine wakawa wasindikizaji. Badiliko linalotajwa zaidi ni la Bill Evans wa piano, Scott LaFaro wa besi na Paul Motian wa dramu, ambao tarehe 25 Juni 1961 walirekodiwa katika ukumbi wa Village Vanguard mjini New York. Katika rekodi hizo besi inaongea na piano kama mtu na mwenzake, na dramu inachangia maongezi badala ya kuhesabu mapigo tu. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 25. Kuanzia mwaka 1983 Keith Jarrett wa piano, Gary Peacock wa besi na Jack DeJohnette wa dramu waliuendeleza mtindo huo kwa nyimbo za zamani zinazojulikana, na katika baadhi ya maonyesho yao waliuacha wimbo kabisa na kupiga walichokibuni hapohapo.

The Necks waliondoa kitu kimoja zaidi, ambacho ni solo. Hakuna anayejitokeza mbele, akaonyesha ufundi wake, akapigiwa makofi na kumpisha mwenzake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua yao kubwa, na ndiyo pia inayowakatisha tamaa wapenzi wengi wa jazi ya kawaida.

Je, kuna mwimbaji?

Hakuna.

Ni lazima kusikiliza saa zote tatu kwa mkupuo?

Hapana, wala sisi hatufanyi hivyo. Kipande kimoja kwa jioni kinatosha. Kinachoharibu ni kukikata kipande katikati, kwa sababu kilichotokea dakika ya 30 hakina maana bila zile 29 zilizotangulia. Kama muda ni mfupi, chagua kipande kifupi na ukimalize.

Je, unaweza kusikiliza huku ukichambua mchele au ukishona? Unaweza, na kazi ya mikono inasaidia. Mazungumzo ndiyo hayachanganyiki na muziki huu, kwa kuwa unaanza chini mno na mtu mwenye sauti nene anaufunika wote.

Nimesikiliza na sikupenda. Nina kasoro?

Huna. Disquiet si mlango mzuri wa kuingilia, na sioni haya kusema kwamba saa tatu ni nyingi hata kwa sisi tunaowapenda. Anza na Travel, ambayo vipande vyake vinaisha kabla uvumilivu haujaisha. Kama tatizo lako ni upole wa muziki huu, tafuta Body ya mwaka 2018: ni kipande kimoja cha dakika 57, na ndani yake gitaa la umeme linaingia na kuubadilisha kuwa roki ya nguvu kwa muda mrefu. Vijana waliokuwa wakichungulia simu zao barazani waliinua vichwa hapo. Baada ya hizo mbili, kama bado hupendi, hupendi, na hakuna anayekudai.

Nitumie spika gani?

Simu peke yake haitoshi, na sababu yake inapimika. Waya wa chini kabisa wa besi ya mbao hutoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ilhali spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti iliyo chini kiasi hicho. Utasikia piano na mikwaruzo ya dramu, na theluthi moja ya kundi itakuwa haipo. Spika za masikioni, hata za bei nafuu, ni bora zaidi.

Redio zetu za sabufa zina tatizo la kinyume. Zimetengenezwa ili mtaa mzima wa Ng'ambo ujue kwamba kuna sherehe, na besi ya Swanton ikipita humo inakuwa ngurumo isiyo na umbo. Punguza kitufe cha besi hadi usikie kidole kikigusa waya, kisha usiongeze. Ukumbini, weka spika mbali na kona ya ukuta, maana kona huzidisha sauti za chini.

Albamu itakula bando kiasi gani?

Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, kila dakika inatumia takriban megabaiti 1.2, hivyo saa tatu ni kama megabaiti 216. Kwa ubora wa kilobiti 320, hesabu hiyo inakuwa mara mbili, takriban megabaiti 432. Atakayerudia kusikiliza ni afadhali apakue mara moja, tena usiku kama kifurushi chake kina nafuu ya usiku, ahifadhi kwenye memori kadi na kuachana na mtandao. Kuna faida nyingine: kipande cha saa moja kikikwama dakika ya 50 kwa sababu mtandao umeyumba, hasira yake haisimuliki.

Vijana wanaopiga kwenye kwaya na kwenye harusi wanaweza kujifunza lolote hapa?

Wanaweza, na si lazima wawe na piano. Chukueni kinanda, gitaa la besi na kitu chochote cha kugonga. Mmoja aanze kifungu kifupi. Kanuni ziwe mbili: hakuna kuongea, na kila badiliko liwe la kitu kimoja tu kwa wakati, ama sauti moja, ama nguvu, ama mwendo. Fanyeni kwa dakika 20 na mrekodi kwa simu. Vijana waliojaribu hapa walilalamika kuwa dakika tano za kwanza zilikuwa ndefu kuliko ibada. Waliposikiliza rekodi, waligundua kwamba mpiga kinanda alikuwa amebadilisha mambo mfululizo kwa hofu ya kuchosha watu, na kwamba sehemu nzuri kuliko zote ni ile aliyosahau kubadilisha. Zoezi hilo pia linamfundisha mpiga besi wa kwaya kwamba hatua yake moja inaweza kuwahamisha waimbaji wote, jambo ambalo walimu wengi hulisema bila kulionyesha.

Nitainunuaje nikiwa Tabora?

The Necks wanauza albamu zao Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ambako mnunuzi anapakua faili zenyewe na kubaki nazo. Malipo ni kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa ndani ya baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Aweke kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa sababu ubadilishaji wa fedha na makato hula sehemu yake. Katika majukwaa ya kusikilizia mtandaoni msanii hulipwa kidogo sana kwa kila wimbo unaosikilizwa, na mtu ambaye wimbo wake mmoja una dakika 60 anaumia zaidi kuliko mwenye nyimbo 20 za dakika tatu. Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi hapa mjini havina albamu hii kwa sasa, na mwenye kibanda mmoja niliyemuuliza alitaka kwanza kujua kama inachezeka.